Mtungi, Koroboi na Hesabu ya Moshi

Mafuta ya taa yanayowashwa Nyamarambe, katika milima ya Kisii, hupita kwanza milangoni petu. Hushushwa bandarini Mombasa, husukumwa kwa bomba hadi Kisumu, kisha malori huyapandisha hadi Gusii. Tangu mwaka 1963 hadi 2013 mengi yalisafishwa hapa Changamwe. Siku hizi huja yamekwisha kusafishwa ng'ambo. Basi moshi wa jikoni kwa watu wa Nyamarambe ni ndugu wa moshi wa jikoni kwetu.

Lita moja ya mafuta ya taa ina uzito wa takriban gramu 800. Ikiungua, hutoa takriban kilo 2.5 za kaboni dioksidi. Yawaje moshi ukawa mzito kuliko mafuta yenyewe? Kila chembe ya kaboni iliyomo hushikana na chembe mbili za oksijeni kutoka hewani, na hiyo oksijeni ndiyo inayozidisha uzito. Gesi ya mtungi nayo ni mafuta ya petroli: kila kilo hutoa takriban kilo 3. Mtungi wa kilo 6 unapokwisha, umekwisha kuacha angani kilo 18.

Tuchukue nyumba inayomaliza mtungi huo kila mwezi (mwezi wa Ramadhani, kwa futari na daku, wengi wetu huumaliza mapema zaidi). Kwa mwaka ni kilo 216. Lita moja ya petroli garini hutoa takriban kilo 2.3, kwa hiyo tangi la lita 40 hutoa kilo 92. Mapishi ya mwaka mzima, ndugu wasomaji, hayafikii matangi mawili na nusu ya gari dogo. Anayepanda gari kwenda kumhimiza mama wa Kisii aache gesi kwa ajili ya hali ya hewa hajapiga hesabu yake vyema.

Koroboi, yaani kibatari chetu, ni shauri jingine. Utambi ulio wazi hauunguzi mafuta sawasawa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kuwa taa za namna hiyo hugeuza asilimia 7 hadi 9 ya mafuta kuwa masizi meusi. Masizi hayakai angani kwa karne kama kaboni dioksidi. Huanguka baada ya siku au wiki chache, lakini kwa muda huo hunyonya joto la jua kwa nguvu nyingi. Tena kabla ya kufika angani hupita puani mwa mtoto aliyeinamia daftari. Hatujataja chupa ya soda iliyotiwa mafuta ikaachwa sakafuni, ambayo mtoto huinywa akidhani ni maji.

Mwaka 2018 serikali ilitoza ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili kuwakomesha wanaoyachanganya na dizeli. Kusudi halikuwa baya, ila mzigo ulimwangukia pia asiye na gari wala dizeli. Kisha Julai 2021 gesi ya kupikia nayo ikatozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, ikapunguzwa hadi 8 mwaka 2022, ikaondolewa 2023. Mtu akifungiwa mlango wa mafuta ya taa na wa gesi kwa pamoja, hurudi kwenye kuni. Sensa ya 2019 ilikuta asilimia 55.1 ya nyumba za Kenya zikipikia kuni, 23.9 gesi, na 7.8 mafuta ya taa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Kwa maoni yetu, koroboi ndiyo ya kuondoka kwanza, na taa ndogo ya sola yatosha kushika nafasi yake. Gesi iachwe iingie jikoni.

Kikwazo ni bei ya mwanzo. Mafuta ya taa hununuliwa kidogo kidogo kila jioni, lakini mtungi na kichomeo hutaka fedha za mkupuo. Akina mama wenye vyama vya kuchangiana kwa zamu wana njia tayari: badala ya fedha taslimu, wa zamu hii apewe mtungi uliojaa.