Pawa-soo ndogo: jino moja la ziada laweza kukuchomea klachi

Malalamiko hayaishi kwenye vibanda vya mafundi: mkataji ana pawa-soo ndogo, anaiona nzito, anaambiwa atoe sproketi ya meno sita aweke ya saba. Ushauri huo hutolewa bure, lakini klachi mpya hainunuliwi bure.

Sproketi ni kile kigurudumu chenye meno kilichoshikana na klachi, ndicho kinachouvuta mnyororo. Anayejua baiskeli keshaelewa: gia kubwa ya mbele hukimbia tambarare, ukifika mlimani unashuka kusukuma.

Mashine nyingi ndogo hutumia mnyororo wa inchi 3/8 wa kimo kifupi na sproketi ya meno sita. Mzunguko mmoja huvuta mnyororo milimita 114 hivi. Kwa meno saba ni 133. Injini ikizunguka mara 10,000 kwa dakika, mnyororo unatoka mita 19 kwa sekunde hadi 22. Yapendeza, ila injini ni ile ile, na nguvu ya kuvuta imepungua kwa sehemu moja ya saba.

Kwa fito na boriti nyembamba za mvinje, na baa fupi, huenda ukafaidika, maana meno yanayogusa mti kwa wakati mmoja ni machache. Shida ni shina pana la mwembe, au mnazi mkongwe ambao ganda lake la nje ni gumu na hula makali upesi. Hapo mnyororo unakwama, mkataji anazidi kukandamiza huku akipiga resi, klachi inateleza na kupata moto mpaka kikombe chake kinageuka buluu. Kwa kazi zetu za Pwani, mimi nasema baki na sita.

Na usimwige jirani kwa sababu tu yake ina saba. Huenda mnyororo wake ni wa .325. Meno saba ya .325 huvuta karibu urefu ule ule wa meno sita ya 3/8. Pima wako: kutoka ribiti ya kwanza hadi ya tatu, gawa kwa mbili. Ukipata milimita 9.5 ni 3/8, ukipata 8.25 ni .325. Sproketi, mnyororo na gurudumu la ncha ya baa lazima viwe vya kipimo kimoja, la sivyo vinatafunana.

Kabla ya kununua chochote, tazama kinachotoka kwenye mti. Vumbi badala ya vipande maana yake ni makali yameisha, na tupa ya milimita 4 itakusaidia kuliko sproketi yoyote.

Kinachostahili kubadilishwa ni sproketi iliyolika. Mfereji ukizidi nusu milimita, itoe. Wengi hubadilisha kila baada ya minyororo miwili, kwani mnyororo mpya kwenye sproketi ya zamani huharibika haraka. Chomoa waya wa plagi kwanza. Klachi nyingi hufunguka kinyume, yaani kwa kuzungusha upande wa saa, na wasiojua hilo ndio wanaovunja nyuzi.