Filamu Zisizoingia Kwenye Fungu Moja (2): Maangamizi na Simba-Watu wa Singida

Wiki iliyopita tulizieleza tanzu za filamu: za mapigano, za mapenzi, za kutisha, za kuchekesha. Aliyewahi kukaa kwenye benchi la kibanda umiza anazijua, hata kama neno "utanzu" hajalisikia, kwa maana kabla ya kutoa hela yake huuliza: "Leo picha la nini?"

Ipo filamu ya kwetu isiyoweza kulijibu swali hilo. Ni Maangamizi: The Ancient One ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, iliyotoka mwaka 2001 na kuwa ya kwanza kupelekwa na Tanzania kuwania tuzo ya Oscar. Daktari wa magonjwa ya akili kutoka Marekani anamkuta hospitalini Samehe, mgonjwa aliyenyamaza miaka mingi, akichezwa na Amandina Lihamba. Daktari anatafuta ugonjwa. Samehe ana bibi wa kale anayemjia na kumwongoza. Mtazamaji hungoja aambiwe: huu ni wazimu au ni mizimu? Haambiwi. Simulizi ya hospitali na ngano ya wahenga zinakwenda bega kwa bega, wala hakuna inayoikanusha mwenzake. Wapo wanaouita huo mkanganyiko. Mimi nauita uaminifu, kwa sababu katika familia zetu nyingi mgonjwa mmoja hupelekwa zahanati na kwa mganga ndani ya wiki hiyohiyo.

Singida tunaielewa hali hiyo kuliko wengi. Miaka ya 1940 watu wa huku waliuawa kwa majeraha yaliyofanana na ya simba. Wengine walisema ni simba wa porini, wengine wakasema ni simba-watu, yaani watu waliovishwa ngozi za simba na kutumwa kuua. Serikali ya kikoloni ikafungua kesi za mauaji, na watu wakanyongwa. Basi hiyo ni hadithi ya uchawi, ya upelelezi, ya mahakama, au ya ukoloni? Ukiitengeneza iwe ya kutisha peke yake, umeitupa kesi na hofu ya waliokuwa wakilala wamejifungia. Ukiifanya ya mahakama tu, umewanyima sauti walioamini walichokiona.

Kijana wa Singida mwenye kamera asichague sehemu moja tu ya hadithi hiyo. Aanze na wazee waliosimuliwa na wazazi wao habari za miaka ile, awarekodi sasa, wangali hai.