Magofu ya Manda na Watu Waliotoka Usiku

Wahenga walisema: mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mimi mzaliwa wa pwani ilinibidi kwanza nipande mpaka Meru, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, ndipo nirudi Lamu kukitazama kisiwa ambacho tangu utotoni nilidhani nakijua.

Msomaji wa pwani anaijua Meru kwa miraa inayoshuka kila siku kutoka milima ya Nyambene. Mimi niliijua kwa kazi ya ualimu. Jirani yangu alikuwa mzee wa Imenti, mtu mpole aliyependa kuketi nje jioni na kuzungumza. Siku moja nikaanza kujigamba mbele yake. Nikamweleza juu ya kisiwa cha Manda, mkabala wa Lamu, penye mji wa bandari ulioanza katika karne ya 9. Nikamwambia jinsi mtaalamu Neville Chittick, aliyeanza kuchimba hapo mwaka 1966, alivyofukua vyombo vya udongo vya Ghuba ya Uajemi na vya kaure vya Uchina, na kuta za mawe makubwa ya matumbawe zilizojengwa kuzuia bahari.

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Mwalimu, sisi nasi tulitoka huko. Lakini sisi tulitoka usiku."

Ndipo aliponisimulia habari za Mbwaa. Wameru husema kuwa zamani wazee wao walikaa mahali hapo, kando ya maji makuu. Wakaja watu walioitwa Nguuntune, yaani wenye nguo nyekundu, wakawatia utumwani na kuwapa mitihani isiyowezekana. Waliambiwa watengeneze viatu vyenye manyoya pande zote mbili. Wakakata ngozi inayoning'inia shingoni mwa fahali. Waliambiwa watoe tunda shimoni bila kulichoma wala kulishika; wakajaza maji mpaka likaelea. Mwishowe wakatakiwa kuleta mkuki wa kufika mbinguni. Huo uliwashinda. Wakaomba muda, na usiku wakakimbia wakiongozwa na Koomenjoe. Walipofika majini, kiongozi akayapiga kwa fimbo, njia ikafunguka. Waliovuka gizani wakaitwa weusi, waliovuka alfajiri wekundu, na waliovuka jua limekwisha toka weupe. Koo za Wameru hugawanywa hivyo hadi leo.

Sina shaka msomaji amekwisha kumkumbuka Nabii Musa, alayhi salaam, na Firauni. Mimi pia nilimkumbuka. Wako wataalamu wanaosema kuwa kisa hiki kimechanganyika na mafunzo ya wamisionari. Wengine wanakataa. Jeffrey Fadiman, aliyekusanya masimulizi ya wazee wa Meru mwaka 1969 na 1970, alikata shauri kwamba Mbwaa ni Manda yetu hii. Na jambo moja lilinisumbua. Waembu, majirani wa kusini, husimulia asili yao kwa Mwenendega na mkewe, na kichaka chao kitakatifu kiko karibu na Runyenjes, papo hapo mlimani. Watu wa mlimani hawalazimiki kuitaja bahari. Kwa nini basi Wameru wanaitaja?

Likizo ilipofika nikaenda Lamu, nikakodi mashua kwenda Takwa, upande wa kusini wa Manda. Takwa si mji ule wa kale aliouchimba Chittick. Huu ulistawi katika karne ya 16 na ya 17, kisha wenyeji wakauhama wakaenda Shela. Kufika kwake lazima usubiri maji kujaa, maana njia ni mkono mwembamba wa bahari katikati ya mikoko. Niliuona ukuta uliouzunguka mji, mibuyu iliyoota ndani yake, na msikiti wenye nguzo juu ya ukuta wa kibla. Nje kuna kaburi la mnara lenye mwaka 1094 wa Hijra. Watu wa Shela wamekuwa wakifika kwenye kaburi hilo kuomba mvua. Nilisimama pale nikasoma Fatiha, moyo umejaa fahari.

Lakini maneno ya mzee hayakuniacha. Tulipokuwa tukirudi nilimwuliza nahodha, bila kumweleza sababu, kama mtu anaweza kutoka Manda kwenda bara bila chombo. Akacheka. "Kule Mkanda, maji ya bamvua yakipwa, mashua hukwama mchangani. Anayeijua njia atapita, lakini asichelewe. Maji hayangoji mtu."

Nilinyamaza. Sisi watu wa pwani tunajua bamvua, na tunajua pia kwamba miji yetu ilikuwa na mabwana na watumwa. Fahari yangu ya Takwa haikupungua, ila sikuweza tena kuitazama peke yake.

Nimesoma habari za Aigues-Mortes, mji wa bandari wa zamani huko kusini mwa Ufaransa. Mfalme Louis wa Tisa aling'oa nanga hapo mwaka 1248 kwenda kupigana na Waislamu wa Misri, nao wakamteka mwaka 1250. Kuta za mji huo zingali zimesimama. Lakini mgeni haonyeshwi kuta tu. Huonyeshwa pia mnara alimofungwa Marie Durand kwa sababu ya dini yake, tangu mwaka 1730 hadi 1768. Mfalme ana kisa chake, na mfungwa ana chake, vyote ndani ya mji mmoja.

Sisi je? Tunapowapeleka watoto wetu Manda, tuwaonyeshe msikiti na kaburi la mnara. Kisha tuwaonyeshe na mkondo wa Mkanda, tuwaambie kuwa kuna ndugu zetu mlimani wanaosema walivuka maji kama haya wakiwa na hofu. Kuwasikiliza hakubomoi jiwe hata moja la Takwa.

Niliporudi Meru nilimweleza mzee yote, pamoja na maneno ya nahodha. Alikaa kimya kitambo, akitazama mlima. Kisha akasema: "Basi siku moja unipeleke, mwalimu. Nami nataka kuvuka mchana."

Nimemwahidi. Inshallah, nitampeleka.