KUHAMISHA KUMBUKUMBU ZA MIALO KUWA TAARIFA

Maofisa uvuvi wa Ukerewe na Ukara wanaoandika kumbukumbu za mialo kwenye simu au kompyuta wanafahamishwa kwamba kuyanakili maandishi hayo na kuyabandika katika Word mara nyingi hupoteza mpangilio wake. Vichwa vya habari hulingana na maneno ya kawaida, na hesabu ya mitumbwi ya mwalo mmoja yaweza kusomwa chini ya jina la mwalo mwingine.

Njia iliyo salama ni kuhifadhi maandishi matupu, jina la mwalo likitanguliwa na alama moja ya reli na nafasi, na kichwa kidogo, kama vile nyavu au dagaa, alama mbili. Kisha programu ya bure iitwayo Pandoc, iliyotolewa mwaka 2006 na John MacFarlane, mwalimu wa falsafa huko Berkeley, Marekani, hubadili faili hilo kwa amri moja:

pandoc mialo.md -o taarifa.docx

Ikishawekwa kwenye kompyuta haihitaji intaneti, jambo lisilo dogo kwa aliyeko Ukara. Vichwa vyote hutambuliwa na Word, nayo huweza kupanga orodha ya yaliyomo.

Mstari mtupu uachwe kabla ya kila kichwa. Usipoachwa, kichwa humezwa na aya iliyotangulia. Faili la awali lisifutwe kabla taarifa haijalinganishwa nalo.