Akidi ya Kompyuta: Kwa Nini Nusu Haitoshi

Mwanafunzi wa somo la uraia anajua maana ya akidi: ni idadi ya wajumbe ambayo hapana budi iwepo ili uamuzi wa kikao uwe halali. Katika Bunge la Tanzania akidi ni nusu ya wabunge wote. Kompyuta nazo, zinapotunza kumbukumbu moja kwa pamoja, huwa na akidi; lakini kwao nusu haitoshi. Makala haya yanaeleza sababu ya jambo hilo, na jinsi akidi ya kompyuta inavyotunzwa.

Hatari ya hesabu mbili

Chukulia kwamba nafasi za abiria katika boti zitokazo bandari ya Malindi, Unguja, zinauzwa kwa kutumia hifadhidata, yaani kumbukumbu zilizopangwa ndani ya kompyuta ili zipate kutafutwa na kubadilishwa upesi. Kompyuta inayotunza kumbukumbu hizo na kuwahudumia wauzaji huitwa seva. Seva ikiwa moja tu, siku itakapoharibika mauzo yote yatasimama. Kwa hiyo huwekwa seva mbili zinazofanya kazi kama moja: ya kwanza Mji Mkongwe, ya pili Tunguu. Mpango huu ni wa kubuni, lakini kanuni zake ni zile zile zitumikazo mahali popote penye seva za namna hii.

Seva moja ikizimika, nyingine huendelea na kazi. Je, kama seva zote mbili ni nzima, ila waya wa mawasiliano baina yao umekatika? Kwa kawaida seva hizo hupelekeana ishara fupi kila sekunde, ziitwazo mapigo. Sasa seva ya Mji Mkongwe haisikii mapigo ya Tunguu, nayo hudhani kwamba mwenzake imekufa. Ya Tunguu hudhani vivyo hivyo. Kila moja huendelea kuuza peke yake. Kama boti ilikuwa imebakiwa na nafasi 40, kila upande utaziuza zote, na abiria 80 watafika gatini wakiwa na tiketi halali za nafasi 40. Wataalamu huifananisha hali hii na ubongo uliogawanyika: mwili mmoja, lakini fikira mbili zisizojuana.

Watu wa Unguja na Pemba wanaijua gharama ya idadi isiyo ya kweli. Tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I, iliyotoka Unguja kwenda Pemba, ilizama karibu na Nungwi ikiwa imechukua watu wengi kupita idadi iliyoruhusiwa. Zaidi ya watu 200 walithibitishwa kufa, na wengine wengi hawakuonekana tena. Ajali hiyo haikuletwa na kompyuta. Hata hivyo inaonyesha wazi kwa nini hesabu ya abiria lazima iwe moja tu, na iwe ya kweli.

Kanuni ya wingi

Tiba ya ugonjwa huu ni kura. Kundi la seva huruhusiwa kuendelea na kazi ikiwa tu linashika zaidi ya nusu ya kura zote. Wapiga kura wakiwa 3, wingi ni 2. Wakiwa 5, wingi ni 3. Wakiwa 7, wingi ni 4.

Nguvu ya kanuni hii inathibitishwa kwa hesabu nyepesi. Haiwezekani kuwapo makundi mawili yenye wingi kwa wakati mmoja pasipo kuwa na mjumbe mmoja walau aliyemo katika yote mawili, maana 3 na 3 ni 6, na wapiga kura ni 5 tu. Mjumbe huyo wa pamoja ndiye azuiaye maamuzi mawili yanayopingana. Nusu haina sifa hiyo: wapiga kura 4 wanaweza kugawanyika wawili wawili, na kila upande ukadai kuwa na haki. Bunge halina hofu hiyo kwa sababu hukutana katika ukumbi mmoja, na kila mjumbe humwona mwenzake. Seva hukaa katika kumbi mbili, na mlango wa kati huweza kufungwa ghafla.

Wazo hili limekuwapo kwa muda mrefu. Mwaka 1979 mtaalamu David Gifford alieleza njia ya kulinda nakala za kumbukumbu kwa kura zenye uzito mbalimbali. Katika miaka ya 1980 kampuni ya Digital Equipment Corporation ya Marekani iliruhusu, katika mfumo wake wa VAXcluster, diski moja ihesabiwe kuwa mpiga kura.

Diski za kura

Diski ya aina hiyo haina haja ya kuwa kubwa. Haitunzi majina ya abiria wala bei za tiketi. Hutunza tu habari za nani yu hai na nani anamsikia nani. Katika programu ya Oracle, mathalan, kila seva huandika alama yake katika diski za kura mara kwa mara. Seva isiyoweza kuzifikia zaidi ya nusu ya diski hizo huondolewa kundini, hata kama yenyewe ni nzima. Na ikiwa pande mbili zimeacha kusikilizana huku zote zikizifikia diski, kwa kawaida upande wenye seva nyingi zaidi ndio unaobaki. Zikilingana, hubaki upande wenye seva ya nambari ndogo kuliko zote.

Kwa hiyo seva huweza kujinyamazisha kwa makusudi. Muuzaji tiketi huona hilo kuwa hasara, lakini sivyo. Mauzo yaliyosimama kwa dakika chache yanaweza kuanzishwa tena. Nafasi moja iliyouzwa mara mbili haiwezi kukaliwa na watu wawili.

Mwalimu wa hisabati anaweza kulitumia jambo hili kufundishia uwezekano. Chukulia kwamba kila diski hufanya kazi vizuri kwa asilimia 99 ya wakati. Diski moja ikiwa peke yake, akidi itakosekana kwa saa 88 hivi katika mwaka. Zikiwa mbili, wingi ni 2, kwa hiyo zote mbili lazima ziwe nzima: uwezekano ni 0.99 × 0.99, yaani 0.9801, na akidi itakosekana kwa saa 174 hivi. Diski ya pili imezidisha hasara! Zikiwa tatu, mbili zatosha: uwezekano ni 0.999702, na akidi itakosekana kwa saa 3 tu au pungufu kidogo. Ndiyo sababu diski za kura huwekwa kwa idadi isiyogawanyika kwa mbili.

Mahali pa kumweka shahidi

Hesabu hiyo ina sharti moja: diski zisiharibike kwa sababu moja. Historia ya Unguja inafundisha jambo hili vizuri. Waya wa umeme upitao chini ya bahari kutoka Tanzania Bara uliwekwa mwaka 1980. Mwezi Mei 2008 kisiwa kizima kilikosa umeme huo kwa muda wa mwezi mmoja hivi, na tena kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010. Kama diski tatu zingekuwa Mji Mkongwe, Tunguu na Mkokotoni, zote zikitegemea waya ule mmoja, zingezimika pamoja, na hesabu ya 0.999702 isingekuwa na maana.

Kwa hiyo kila chumba hakina budi kuwa na jenereta yake na mafuta ya kutosha, na diski ya tatu ifaa iwekwe mbali na vyumba vyote viwili, mathalan Dar es Salaam. Mawasiliano ya kisiwa na Bara yakikatika, Mji Mkongwe na Tunguu bado zina kura 2 kati ya 3. Mji Mkongwe na Tunguu zikitengana, diski ya Dar es Salaam, ionwayo na zote mbili, ndiyo shahidi wao.

Daftari la mpangilio

Limebaki swali moja: wapiga kura ni akina nani? Majina ya seva, anwani zake na huduma ziendeshwazo huandikwa katika daftari la mpangilio. Orodha ya diski za kura nayo hutunzwa kwa uangalifu ule ule. Orodha isipokuwa moja, kanuni ya wingi huvunjika. Chukulia kwamba diski zilikuwa 1, 2 na 3, kisha zikaongezwa 4 na 5, lakini habari hiyo haikufika Mji Mkongwe. Mji Mkongwe, ukishika diski 1 na 2, utajiona una wingi wa 2 kati ya 3. Tunguu, ikishika 3, 4 na 5, itajiona ina wingi wa 3 kati ya 5. Kila upande umehesabu sawasawa, na bado ubongo umegawanyika.

Kwa sababu hiyo mabadiliko ya mpangilio hufanywa kwa amri moja inayofika kwa seva zote, wala si kwa kuandika kwa mkono katika kila chumba. Daftari huwekwa katika nakala zaidi ya moja. Programu ya Oracle huchukua nakala ya akiba ya daftari lake kila baada ya saa 4, na kuhifadhi pia nakala za siku na za wiki. Nakala iliyomo katika chumba kile kile si akiba kamili. Yapasa nyingine ihamishiwe mahali pengine, na mara kwa mara ijaribiwe kama inaweza kurejeshwa.

Maswali ya darasani

1. Diski za kura zikiwa 4, ni ngapi zinaweza kuharibika pasipo kupoteza akidi? Linganisha na diski 3.
2. Tafuta uwezekano wa kupata akidi kwa diski 5, kila moja ikiwa nzima kwa asilimia 99 ya wakati.
3. Taja mambo mawili yawezayo kuzima vyumba viwili vya Unguja kwa wakati mmoja, na eleza namna ya kujikinga nayo.