PUA YA PLASTIKI: INANUSA, LAKINI JE, INAUZIKA?

Plastiki inajulikana kwa kuzuia umeme, ndiyo maana nyaya huvishwa plastiki. Mwaka 1977 Hideki Shirakawa, Alan MacDiarmid na Alan Heeger walionyesha kuwa plastiki iitwayo poliasetilini, ikitiwa iodini, hupitisha umeme kwa wingi. Mwaka 2000 walipata Tuzo ya Nobel ya kemia.

Biashara ilivutiwa zaidi na jamaa zake, polipiroli na polianilini. Utando mwembamba wa plastiki hizo ukiunganishwa na nyaya mbili, mvuke unaoupenya hubadili ukinzani wake. Amonia, kwa mfano, huipunguzia polianilini uwezo wa kupitisha umeme, na mita huonyesha badiliko hilo. Kazi yote hufanyika katika joto la kawaida la chumba. Vihisi vya oksidi ya bati, ambavyo Figaro ya Japani ilianza kuviuza mwaka 1968, lazima vipashwe moto na hivyo hula umeme zaidi.

Tatizo ni kwamba utando mmoja huguswa na mivuke mingi. Kwa hiyo tando za aina mbalimbali hupangwa pamoja, na kompyuta husoma majibu yake yote kwa mkupuo. AromaScan ya Uingereza, iliyotokana na utafiti wa chuo cha UMIST, Manchester, ilitumia vihisi 32 na kuuza hisa London miaka ya 1990. Cyrano Sciences ya Marekani nayo ilitumia 32, ila vyake vilikuwa polima za kawaida zilizochanganywa na masizi.

Wawekezaji wengi walitazama bei ya malighafi, ambayo kweli ni ndogo. Gharama iko kwingine. Unyevu wa hewa nao ni mvuke, na polipiroli huuhisi. Mwenye kiwanda hujiuliza kama bidhaa imeharibika au mvua imenyesha. Kadiri miezi inavyopita, utando huchakaa na majibu yake huhama. Ukibadilishwa, mpya haufanani kabisa na wa zamani, hivyo kifaa hufundishwa harufu upya. Kazi hiyo hutaka mtaalamu, na mtaalamu hulipwa.

AromaScan ilibadili jina kuwa Osmetech na kuhamia vipimo vya hospitali. Mwaka 2010 ikawa GenMark, na mwaka 2021 Roche iliinunua kwa takriban dola bilioni 1.8. Fedha hizo zililipia vipimo vya vinasaba vya vijidudu, si pua. Cyrano ilichukuliwa na Smiths mwaka 2004. Kihisi cha bati, pamoja na ulaji wake wa umeme, bado kinauzwa kwa kazi moja inayoeleweka: kupiga kengele gesi inapovuja.

Anayeletewa hisa za kampuni ya aina hii aulize kwanza kifaa kinapima mvuke gani hasa, kinakaa miezi mingapi kabla ya kusahihishwa, na gharama ya kusahihisha ni ya muuzaji au ya mteja.