New York yaonekana kama mji wa kuchezea watoto

Magari, boti na wakaaji wa New York ni wa kweli. Lakini katika filamu fupi "The Sandpit" ya Sam O'Hare, iliyotoka mwaka 2010, vyote vinaonekana vidogo kama vitu vya kuchezea watoto.

O'Hare alipiga picha zaidi ya 35 000, nyingi kutoka juu ya majengo. Kisha, kwa kompyuta, alififisha sehemu za picha na kuacha ukanda mmoja tu ukionekana wazi. Jicho huona hivyo linapotazama kitu kidogo kwa karibu sana. Ndiyo sababu linadanganyika. Picha zikipitishwa haraka, watu wanatembea kwa kurukaruka.

Kwa hiyo hata picha ya kweli inaweza kupotosha. Anayeipokea kwenye simu aulize kwanza imetengenezwa namna gani.